Mtoto wa miaka kumi ana depresheni ya nini?

Mwezi uliopita kwenye grupu letu la wazazi mama mmoja aliandika saa tano usiku, nadhani alishashindwa kulala, kwamba kijana wake wa darasa la nne ameacha kwenda kucheza mpira, akirudi shule anajilaza na yunifomu vilevile, na jioni ile kamwambia dada yake "mi nimechoka tu, bora nisingekuwepo". Akauliza, jamani hii inaweza kuwa depresheni? Asubuhi tukaamka na meseji zaidi ya sitini. Mmoja kasema mchape, huyo anakwepa kuosha vyombo. Mwingine kasema mpeleke akaombewe. Mwingine, na huyu ndo alivuna vicheko vyote, kaandika: "Mtoto wa miaka kumi ana depresheni ya nini, kakopa kausha damu?"

Kausha damu ni ile mikopo ya mtaani yenye riba kali. Nilicheka na mimi, sitadanganya. Ila ukiondoa utani hilo ni swali halali kabisa, maana sisi watu wazima depresheni tunaijua kwa madeni, talaka na kufukuzwa kazi, sa mtoto anayekula bure na kulala bure inampatia wapi? Nimefundisha shule ya msingi miaka kumi na moja kabla sijaacha chaki na kuna mtoto mmoja nitamsimulia huko chini, kama ningekuwa na jibu la hilo swali mapema nisingemfanyia nilichomfanyia. Kwa hiyo leo nataka tulifungue hili jambo taratibu, kuanzia kwenye maneno yenyewe, maana nusu ya ugomvi wa lile grupu ulikuwa watu wanatumia neno moja kwa vitu vitatu tofauti.

Huzuni kwanza. Kila mtoto anayo na anatakiwa awe nayo. Paka wake kafa, kakosa namba kwenye timu, rafiki yake kahamia Mwanza, analia, mnambembeleza, siku mbili tatu imepungua. Na katikati ya huzuni mtoto bado anaweza kufurahi, ukimletea ubuyu anaulamba huku machozi hayajakauka mashavuni. Halafu kuna msongo wa mawazo, stresi kwa lugha ya mtaani, huo ni mzigo: moko iko wiki ijayo, mwalimu wa hesabu anatisha, baba na mama wanagombana chumbani. Mzigo ukitua na stresi inashuka.

Sonona ndo hiyo depresheni, ndugu zetu wa Kenya wengi wanaiita unyogovu. Hii ni ugonjwa. Madaktari hawaisemi kwa kuangalia sura, wanatafuta mambo fulani: hali ya kuwa chini, au kukosa ladha ya vitu alivyokuwa anavipenda, ikae sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na iende pamoja na mabadiliko mengine kama usingizi kuharibika, kula kubadilika, mwili kuishiwa nguvu, akili kutotulia kwenye kitu, kujiona hana thamani, au kuwaza kufa. Na iwe imeanza kuharibu maisha yake, shule, marafiki au nyumbani. Siku moja mbaya haihesabiki, hata wiki moja mbaya bado.

Sasa yule aliyeuliza kuhusu kausha damu nimjibu na Luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Huzuni ni yuniti zimeisha, unanunua, unaingiza namba, taa zinawaka. Sonona ni pale unaangalia mita ina yuniti mia mbili lakini ndani giza, maana hitilafu iko kwenye nyaya. Unaweza ukaendelea kununua umeme mpaka mshahara uishe na taa haziwaki. Ndo maana mzazi anachanganyikiwa, anasema nimemnunulia viatu, nimempeleka bichi, chakula kipo, anataka nini tena? Yuniti zipo mama. Tatizo sio yuniti.

Na kabla mtu hajaanza kumtazama mwanae kwa jicho la wasiwasi, hesabu zenyewe ni hizi. Shirika la Afya Duniani linasema vijana wa miaka 10 mpaka 19, mmoja kati ya saba ana tatizo lolote la afya ya akili, na hapo wamejumlisha yote, wasiwasi, matatizo ya tabia, kila kitu. Sonona yenyewe kwa umri wa 10 mpaka 14 ni kama mtoto mmoja na kidogo katika kila mia, kwa 15 mpaka 19 inapanda kufika kama watatu katika mia. Kwa darasa la watoto mia, na wanaofundisha shule za kata wanajua darasa la mia lipo, ni mtoto mmoja mpaka watatu kutegemea umri. Sio wote, lakini pia sio sifuri.

Inavyokuja kwa mtoto

Hapa ndo tunapopigwa chenga. Mtu mzima mwenye sonona tunamjua, kakaa kimya, kainama, analia. Mtoto mara nyingi haji hivo. Vitabu vya madaktari vyenyewe vinakubali kwamba kwa watoto na vijana hasira inaweza kusimama mahali pa huzuni, yani badala ya mtoto mwenye machozi unapata mtoto mwenye kisirani, anayerusha daftari, anayemjibu bibi yake vibaya, anayelipuka kwa sababu sukari kwenye chai ni ndogo. Wengine inatokea mwilini, tumbo, kichwa, kifua kinabana, na wala hasingizii, tumbo linauma kweli. Wengine wanarudi nyuma, mtoto wa miaka nane aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena. Na wengine wanakuwa wazuri kupita kiasi, kimya, watiifu, hawasumbui mtu, hao ndo wanapotea kabisa machoni petu kwa sababu nani atamshitaki mtoto mtiifu?

Nilisema nitasimulia. Nitamwita Zuhura, sio jina lake. Darasa la tano, shule moja ya kijijini huku Tanga. Alikuwa hodari wa rede, ile ya chupa, wawili wanarusha mpira wa makaratasi na wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa, Zuhura alikuwa anajaza chupa mbili hajaguswa. Muhula wa kwanza mwaka ule akaacha kuingia. Anakaa kwenye mzizi wa mwarobaini anashika ndala za wenzake. Nakumbuka kabisa alivyokuwa anazipanga jozi jozi kwa rangi, na wenzake wakimaliza anawagawia bila kusema neno. Sisi walimu tuliona tukasema amekua, ameanza kuona haya.

Kila siku baada ya uji, "mwalimu tumbo". Zahanati wakampima malaria, mkojo, choo, hamna kitu, wakampa dawa ya minyoo. Kwenye majaribio akaanza kushuka. Siku moja mwenzake kamgusa mgongoni tu, Zuhura kageuka kamchania daftari zima. Nikamchapa. Fimbo mbili za kiganja, akanyosha mkono bila hata kukunja uso, na hilo peke yake lilitakiwa linishtue maana mtoto wa kawaida anarudisha mkono nyuma, anarukaruka, anakwambia mwalimu nisamehe. Huyu alinyosha kama anapokea chenji dukani.

Jibu lilikuja kwenye insha. Niliwapa kichwa "Mtu nimpendaye". Zuhura kaandika nusu ukurasa kuhusu bibi yake aliyemlea, namna anavyopika bada, namna anavyosuka mikeka, na mstari wa mwisho: "Bibi akirudi safari nitamuonyesha nimejua kusuka ukili." Nikamwita baba yake mdogo, ambaye ndo alikuwa anaishi naye wakati ule. Mzee wa watu akaniambia kwa upole kabisa, mwalimu, bibi yake tulimzika Februari, ila mtoto tulimwambia amesafiri, mambo ya msiba hayasemwi kwa watoto.

Turubai lilifungwa uani, watu wamekula pilau siku tatu, mtoto wa miaka kumi na moja anaambiwa bibi amesafiri. Alikuwa anajua na hakuruhusiwa kujua, ndo ilikuwa shida yenyewe, maana mtu akisafiri hulii, unamsubiri. Wakampeleka kaburini mwishowe, wakasoma fatiha, akalia jioni nzima na shangazi yake akakaa naye jikoni. Sisemi kesho yake alirudi kwenye rede. Ilifika muhula wa pili ndo nikamuona anarusha, na kukwepa alikuwa bado. Hakuna daktari aliyewahi kumpima Zuhura, pengine ilikuwa sonona, pengine ni msiba uliokosa mahali pa kutokea, hivo vitu viwili kwa nje vinafanana sana. Ninachojua ni kwamba tumbo lilikuwa linasema na sisi tulikuwa tunalipatia dawa ya minyoo.

Inatoka wapi?

Hakuna sababu moja, na yeyote anayekuuzia sababu moja, iwe simu, iwe malezi ya kizungu, iwe mapepo, anarahisisha. Kuna damu: mtoto ambaye mzazi wake amewahi kuugua sonona ana uwezekano mkubwa zaidi, ingawa kurithi uwezekano sio kurithi ugonjwa. Kuna mwili, mtoto mwenye ugonjwa wa muda mrefu kama selimundu (sickle cell) au kisukari amechoka kwa namna ambayo sisi hatuioni. Kuna afya ya mama mwenyewe, mama aliyepata sonona baada ya kujifungua na hakuna aliyeona, maana watu walikuja kumtazama mtoto. Halafu kuna yale yanayompata: kufiwa, wazazi kuachana vibaya, kuonewa shuleni, kuguswa vibaya na mtu wa karibu, kuhamishwa hamishwa kwa ndugu kama mzigo wa kupokezana.

Na kuna kipigo. Najua nikifika hapa nusu ya wasomaji wanafunga, "sisi tulipigwa na tuko sawa". Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa nchi nzima Tanzania kuhusu ukatili kwa watoto, UNICEF wakiwa na Wamarekani wa CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, na chuo cha Muhimbili, ripoti ikatoka 2011. Karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18, na kama robo walisema waliumizwa kihisia na mtu mzima, yani matusi, kudhalilishwa, kuambiwa bora usingezaliwa. Huko Marekani kuna utafiti maarufu wa 1998 waliochukua watu wazima na kuwauliza utotoni mlipitia yapi, wakakuta kadiri aina za mateso ya utotoni zinavyoongezeka ndivyo uwezekano wa sonona na wa kujaribu kujiua ukubwani unavyopanda. Kwa hiyo "tuko sawa" sio hesabu, walioharibika hawapo kwenye mazungumzo kujibu. Na mimi niliyeshika fimbo sisemi haya kwa kujisafisha.

Hodi

Sasa kukinga. Mzazi gani atazuia msiba, au ukame, au kiwanda kufungwa? Hawezi. Kinga ya hisia ni kama chandarua, hakiondoi mbu duniani na wala hakikupi uhakika, kinapunguza tu. Na kikubwa katika kinga yote, ambacho watafiti wa makuzi wanakirudia kila siku, ni mtoto kuwa na angalau mtu mzima mmoja wa kudumu anayemjibu. Sio lazima awe mama. Anaweza kuwa bibi, mjomba, mwalimu, dada wa kazi. Mmoja, wa kudumu, anayejibu.

Neno "anayejibu" ndo lenye uzito. Sisi tuna kitu kinaitwa hodi. Unafika nyumba ya mtu, unapiga hodi, unajibiwa karibu, unaingia. Ukipiga hodi mara tatu kimya, unaondoka, hiyo ni adabu yetu wote. Mtoto anapiga hodi siku nzima. "Mama ona." "Baba unajua leo." Akivuta kanga ni hodi, akianguka makusudi ni hodi, na kisirani cha saa kumi na mbili jioni mara nyingi ni hodi ya mtu aliyechoka kugonga kistaarabu. Akijibiwa mara nyingi, kichwani kwake kunajengeka kitu rahisi tu, kwamba nikiwa na shida kuna mtu. Asipojibiwa miaka na miaka anafanya kama mgeni yeyote mwenye adabu: anaondoka. Yupo mezani, anakula, ila ameshaondoka.

Hii sio mashairi. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, alimkalisha mama na mtoto mchanga wakatazamana, wakacheza kawaida, halafu mama akaambiwa kwa dakika chache akaushe uso, amtazame tu mtoto bila kujibu chochote. Mtoto anatabasamu, hamna. Ananyosha mikono, hamna. Anapiga kelele. Mwisho anageuza uso pembeni, mwili unalegea. Mama akirudi kucheka naye, wanarudiana. Dakika chache tu! Ukitaka kuuona uso huo leo sio lazima uende maabara, angalia mzazi yeyote anayeperuzi simu huku mtoto anamwonyesha mchoro, na mimi nimo.

Ila sehemu ya mwisho ya jaribio lile watu wanaisahau: wanarudiana. Hakuna mzazi anayejibu kila hodi, utakuwa kazini, utakuwa umechoka, utakuwa umefokea mtu asiye na kosa. Kinachomjenga mtoto ni kule kurudi. "Nilikufokea wakati ule, nilikuwa na hasira za kazini, haikuwa kosa lako." Najua kwetu baba kumwomba msamaha mtoto ni kama kuvua suruali sokoni, lakini jaribu mara moja uone uso wa mtoto unavyofunguka.

Kuna kingine kimejificha ndani ya Kiswahili chenyewe, nilikigundua nikiwa darasani. Mtoto anasema shikamoo, namjibu marahaba, hujambo? Anasema sijambo. Sijambo maana yake sina jambo. Na hakuna jibu lingine, akisema vingine ni utovu wa adabu. Watoto themanini kila asubuhi wananiambia hawana jambo, na Zuhura yuko katikati yao anasema sijambo kama wenzake. Sisemi tufute salamu zetu, mimi mwenyewe nazipenda. Ila baada ya salamu kuisha inabidi kuwe na swali la pili lenye nafasi ya jibu. Mi wa kwangu namuuliza usiku, leo una jambo? Siku nyingi anasema sina. Kuna siku alisema "ninalo dogo", ikawa ni jambo la kaptula iliyochanika na watoto wakacheka, dakika tatu tu tukalimaliza.

Na mpe maneno. Mtoto anayejua maneno mawili tu, nimefurahi na nimekasirika, kila kinachomuuma kitatokea kwa jina la hasira. Kiswahili ni tajiri hapa: ameona aibu, ameingiwa na hofu, roho inamuuma, ana kinyongo, ana wivu na mdogo wake, amekata tamaa, amepwaya tu mtoto wa watu. Ukimwambia "naona kama umeona aibu" hata ukikosea atakurekebisha, "hapana, sio aibu, niliogopa", na hapo hapo keshaanza kuongea.

Mengine ya kawaida kabisa, hayahitaji daktari. Usingizi: mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji saa 9 mpaka 12, kijana saa 8 mpaka 10. Sasa chukua mtoto wa Dar ambaye gari la shule linampitia saa kumi na moja alfajiri, kaamshwa kumi na nusu, karudi jioni, tuisheni, homuweki, kalala saa nne. Hizo ni saa sita na nusu. Huyo hata asipougua sonona atakuwa na kisirani cha mtu mwenye sonona, na tunamwita mkaidi. Mchezo: Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa shule awe anahangaisha mwili dakika sitini kila siku, kombolela, rede, kuruka kamba, kufukuzana, vyote vinahesabika, na mwili ukitembea moyo nao unapata pumzi. Sa tunawanyima mapumziko ili wafaulu. Afadhali kwenye matokeo mambo yamelegea kidogo, tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, ingawa kwenye magrupu ya ukoo matangazo yanaendelea, "wa shangazi kapata A zote, wa kwako je?"

Bweni nalo. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka kuzuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, na wazazi wengi walilalamika, wengine kwa sababu za kweli, kazi za usiku, safari, hakuna wa kumwachia. Naelewa. Lakini rudi kwenye hodi: mtoto wa miaka sita, bweni la watoto hamsini na matroni mmoja, usiku akiota ndoto mbaya anagonga mlango wa nani?

Na msiba. Mwambie. Kwa maneno mafupi, "bibi amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, na sisi wote tunaumia". Usiseme amelala, ataogopa kulala. Usiseme amesafiri.

Yanayosemwa mtaani

"Enzi zetu haikuwepo." Ilikuwepo, iliitwa uzembe, uzezeta, au karogwa. Na tusijione peke yetu, hata Ulaya na Marekani madaktari wengi mpaka kwenye miaka ya 1970 walikuwa wanabisha kwamba mtoto hawezi kupata sonona, eti akili yake haijakomaa kiasi hicho.

"Anacheka, hawezi kuwa mgonjwa." Wanacheka. Mbele ya wageni hasa.

"Ukimsikiliza sana utamdekeza." Kudekeza ni kumpa asichostahili, kumsikiliza sio zawadi. Unaweza kumsikiliza mpaka mwisho na bado ukamwambia hapana, simu hupewi.

"Ukimuuliza kama anawaza kufa utampa wazo." Hii ndo hatari kuliko zote na sio kweli, kuuliza kwa upole hakupandikizi wazo, mara nyingi kunamtua mtoto mzigo aliokuwa anaubeba peke yake. Uliza tu, "ulivyosema bora usingekuwepo, ulikuwa unawaza kufa?" Akisema ndiyo, usimpige, usimhubirie, usimwache peke yake, ondoa karibu sumu ya panya, dawa za kunyunyizia shamba na vidonge, na siku hiyohiyo muende hospitali. Sio Jumatatu.

"Dua au hospitali?" Nani kasema uchague? Mwenye malaria anaombewa na anameza dawa mseto. Shida ni pale maombi yanapochukua miezi sita na mtoto anafungiwa ndani, anafungishwa asile, anaambiwa pepo limekataa kutoka, hapo anajifunza kwamba yeye ndo mchafu.

"Watamlewesha na madawa." Kwa watoto matibabu ya kwanza ni mazungumzo na mtu aliyesomea, pamoja na kuweka sawa mambo ya nyumbani na shuleni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unakataza watoto wa miaka 6 mpaka 12 kuanzishiwa dawa za sonona kwenye vituo visivyo na mabingwa. Na mazungumzo yanafanya kazi hata yakiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa: Kenya kuna mpango unaitwa Shamiri, vijana wa miaka 18 mpaka 22 wanafunzwa, wanakaa na wanafunzi wa sekondari kwa makundi, saa moja kwa wiki, wiki nne, wanaongea kuhusu kukua, shukrani na mambo wanayoyathamini maishani. Wakaupima kisayansi, majibu yakachapishwa 2021, dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa stadi za kusoma tu. Sijasikia kitu cha bei nafuu kuliko hicho.

Uende wapi

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, wakishindwa watakupa rufaa. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kliniki ya afya ya akili, juu yake kuna Muhimbili na Mirembe ya Dodoma, kwa walio Nairobi kuna Mathari. Namba 116 ni ya msaada kwa watoto, ni bure, iko Tanzania na Kenya pia, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya nae ni mlango, hasa kama kinachomuumiza mtoto kiko ndani ya nyumba.

Yule mama wa grupu nilimfuata pembeni nikamwambia kitu kimoja kabla hajaenda. Chukua daftari, andika tarehe. Lini aliacha mpira, anaamka usiku mara ngapi, anakula nini na anaacha nini, alisema nini na alimwambia nani, maneno yake yaleyale, usiyatengeneze. Kisha ukifika kwa daktari usianze na "mwanangu siku hizi mkaidi", anza na "tangu wiki ya pili ya mwezi wa tatu hajagusa mpira wake".